Kihisi Kiseme Lugha ya Mgonjwa

Mgonjwa wa moyo aishiye Wundanyi, akipewa rufaa, hushuka milima ya Taita kupitia Mwatate ndipo aifikie Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Vihisi vya kuvaliwa mwilini vyaweza kumpunguzia safari hizo. Vifungwapo mkononi na kifuani, hupima mapigo ya moyo, joto na oksijeni katika damu, vikatuma vipimo bila waya hadi kwenye simu, nayo simu ikavifikisha kwa daktari.

Hata hivyo, kengele ikilia usiku na onyo likatokea kwa Kiingereza, nyanya anayemuuguza atafanya nini? Tena, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa itolewe kwa hiari na kwa ufahamu. Je, ni ridhaa gani hiyo iwapo mtu haelewi alichokiridhia?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo haujakamilika ikiwa haujaufikia mkono wa mgonjwa. Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tusingoje vifaa vienee ndipo tubuni istilahi. Twende wodini pamoja na wauguzi na wahandisi, tulijaribu kila neno mbele ya msemaji wa Kidawida. Asipolielewa, tuliache, hata kama linapendeza kamusini.