Santuri Zile Zile, Masikio Mengine

Je, wimbo hugeuka, msikilizaji akiisha kumjua vema zaidi yule aliyeuimba? Swali hilo liliwajia watu wengi wa Ulaya na Marekani mwaka 1998, nasi twaona lafaa kutazamwa polepole, maana haliwahusu wapenzi wa muziki peke yao.

Wasomaji wetu wapenzi wamepata kusikia habari za muziki uitwao hevi metali, yaani chuma kizito. Ni muziki wa magitaa ya umeme yapigwayo kwa kishindo, ngoma za mbio, na sauti ya mwimbaji ikipaa juu ya makelele hayo yote. Sehemu kubwa ya mwanzo wake ni Birmingham na miji ya kando yake, katikati ya Uingereza, nchi ya tanuru na viwanda vya chuma. Huko ndiko lilikoanzia kundi la Judas Priest mwaka 1969. (Msomaji asishtushwe na jina lile: walilitwaa katika wimbo mmoja wa Mmarekani Bob Dylan.) Mwaka 1973 akaingia mwimbaji mpya, Rob Halford, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia Walsall.

Kundi likapanda hata likajaza viwanja vikubwa vya Marekani. Halford aliingia jukwaani juu ya pikipiki inayonguruma, amevaa ngozi nyeusi tangu kofia hata viatu, na vichwa vya misumari ya chuma viking'aa kifuani na mikononi. Vijana wakaiga. Katika muda wa miaka michache tu vazi lile likawa sare ya hevi metali duniani kote, na wengi walilihesabu kuwa alama ya uanaume usio na shaka.

Kumbe mwimbaji huyo alikuwa na siri. Yeye hupenda wanaume wenzake. Wenzake wa kundi walijua tangu zamani, wakaitunza siri ile pasipo kelele. Lakini kuwatangazia watu wote hakuthubutu. Aliogopa kwamba akisema, santuri hazitanunuliwa tena, na wenzake wanne watakosa riziki kwa ajili yake. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2020, ameeleza jinsi miaka ile ilivyokuwa mizito, na jinsi alivyozama katika pombe hata akaiacha kabisa mwaka 1986.

Mwaka 1992 aliachana na kundi. Mwezi wa Februari 1998, akiwa na umri wa miaka 46, alifika katika televisheni ya MTV kunena habari za muziki wake mpya. Katikati ya mazungumzo, bila kupanga, akataja hali yake kama mtu atajavyo mji aliozaliwa. Mwenyewe husimulia kwamba alisikia ubao wa kuandikia ukianguka sakafuni. Mmoja wa wafanyakazi wa televisheni aliuachia kwa mshangao.

Ndipo watu waliporudi nyumbani na kuzitoa tena santuri zao za zamani.

Santuri zilikuwa zile zile, lakini masikio yalikuwa mengine. Katika santuri ya mwaka 1977 mna wimbo uitwao Raw Deal, unaosimulia mtu aingiaye katika baa moja ya Fire Island, kisiwa karibu na New York kinachojulikana tangu zamani kwa watu wa hali kama yake. Jina la kisiwa limo wazi katika wimbo. Kwa miaka 21 vijana waliuimba kwa sauti kuu pasipo kujiuliza lolote. Hapo wasikilizaji walisoma upya, na walisoma sawasawa: Halford mwenyewe amekubali kwamba katika wimbo huo alikuwa akisema habari zake.

Lakini mtu aliyepata ufunguo mpya hutaka kuujaribu katika kila mlango. Wengine walisema, basi na mavazi yale ya ngozi yalikuwa tangazo la siri. Mwimbaji amekana, asema kundi lilitafuta tu vazi litakalolingana na ukali wa muziki wao. Wengine wakaushika wimbo wa mwaka 1980, Breaking the Law, wakidhani ni kilio cha mtu aliyeonewa na sheria kwa ajili ya mapenzi yake. Sivyo. Wimbo ule ulitungwa wakati viwanda vya Uingereza vilipokuwa vikifungwa, na mwenye kunena ndani yake ni kijana asiye na kazi. Kwa maoni yetu, kumwondoa kijana yule katika wimbo wake ili kumweka mwimbaji mahali pake ni kuwaonea wote wawili.

Na liko jambo lingine la ajabu. Mwaka 1990 kundi lilishtakiwa huko Reno, Marekani. Vijana wawili walijipiga risasi mwaka 1985, na jamaa zao walidai kwamba katika santuri moja ya kundi mlikuwa na maneno yaliyofichwa ya kuwashawishi wajiue. Watu wenye elimu waliketi barazani wakiisikiliza santuri ile, hata wakaipiga kinyumenyume. Hakimu alilikataa shtaka. Hivyo neno la siri lilitafutwa kwa vyombo mahali lisipokuwapo, na wakati huo huo siri ya kweli ilikuwa katika santuri nyingine, imeimbwa waziwazi, kwa lugha ya kila mtu.

Hatusemi kwamba wote walipokea habari ile kwa upole. Mizaha ya kuumiza ilikuwapo. Tena yafaa kukumbuka kwamba Halford alisema alipokuwa nje ya kundi, wakati maneno yake hayangeweza kumnyima mwenzake mkate. Kipimo chenyewe kilikuja mwaka 2003, aliporudi. Wapenzi hawakukimbia. Walijaza viwanja kama zamani, na santuri ya mwaka 2005 ikanunuliwa. Lile aliloliogopa tangu ujana halikutokea. Lakini ile miaka ya kuogopa, nani atamrudishia?

Mwezi wa Novemba 2022, huko Los Angeles, kundi lilipewa heshima na jumba la ukumbusho wa wanamuziki wa roki. Halford, mwenye miaka 71 na ndevu nyeupe, alijitambulisha mbele ya wote kuwa ndiye yule wa kundi apendaye wanaume, na watu wakampigia makofi. Usiku huo huo walipiga nyimbo zao, mmojawapo ukiwa ule wa kijana asiye na kazi.