Kuteleza si Kuanguka

Majuzi nilisahihisha insha ya Kiingereza ya mwanafunzi aliyetaka kueleza kwamba babu yake aliteleza kwenye tope akavunjika mguu. Akatumia neno blunder. Nikalitia mkasi kwa wino mwekundu, nikapita. Usiku dhamiri ikanisuta.

Katika orodha ya visawe niliyomkaririsha, slip, stumble, err na blunder yamo safu moja. Lakini slip ni kuteleza. Stumble ni kujikwaa. Err latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutangatanga, yaani kupotea njia. Na blunder ni kuboronga. Kiswahili nacho chatenga hayo yote. Nani kati yetu angesema kwamba mzee aliboronga topeni?

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder aliwahimiza walimu watenge makosa ya aina mbili: la kughafilika, ambalo mwanafunzi aweza kulirekebisha mwenyewe, na la kutoijua kanuni, ambalo hulirudia kila mara. La kwanza ni kuteleza. La pili ni kupotea njia. Aliyeteleza hupewa mkono ainuke, na aliyepotea huelekezwa. Mkasi mwekundu haumwinui huyo wala haumwelekezi huyu.

Walimu wenzangu, tufunze neno pamoja na mahali pake. Mwanafunzi wangu hakuteleza, alipotea. Aliamini kwamba visawe vyote hufaa popote. Na aliyemwonyesha njia hiyo ni mimi. Basi aliyeboronga si yeye.