Damu Yetu Imepimwa vya Kutosha, Sasa Tunataka Mitaro

Ndugu wananchi wa Temeke na Kinondoni, na ninyi wa Buguruni, Vingunguti na Mbagala, jambo tunaloliandika leo si geni kwenu. Linawaimbia masikioni kila jioni. Mnaketi barazani baada ya kazi, mnazungumza na majirani, na huku mnajipiga makofi miguuni na mikononi. Mbu! Na mkilalamika mnaambiwa na mabwana wakubwa kwamba kosa ni lenu wenyewe: watu wa Uswahilini ni wachafu, hawatumii vyandarua, hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Leo tunataka kuwajibu mabwana hao. Hatutawajibu kwa hasira tupu. Tutawajibu kwa hesabu iliyopatikana katika mitaa yetu, kwa mikono ya watu wetu, hesabu ambayo imefungiwa kabatini.

Kupimwa kwetu hakukuanza jana. Mwaka 1901 madaktari wa Kijerumani walianzisha kampeni ya kwinini hapa Dar es Salaam. Waliwatoa wenyeji damu, wakaitazama kwa hadubini, na aliyekutwa na vijidudu akapewa kwinini ameze. Si kwamba walimpenda sana. Katika macho ya mkoloni Mwafrika hakuwa mgonjwa wa malaria, alikuwa ghala la malaria, na ghala lililo karibu na nyumba ya Mzungu ni hatari. Walipokuja Waingereza waliacha uwanja mpana wa Mnazi Mmoja wazi, Uhindini upande huu na Kariakoo upande ule, na kati ya sababu zilizotajwa ilikuwamo afya. Afya ya nani? Msomaji anajua jibu. Tunayakumbusha haya kwa sababu ugonjwa wa kumtazama mkazi wa Uswahilini kama yeye ndiye maradhi haukuondoka na bendera ya Mwingereza. Baadhi ya wenzetu waliorithi viti waliurithi na ugonjwa huo pamoja na viti.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe.

Mwaka 2004 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilianzisha mpango wa kupambana na malaria mjini. Zilichaguliwa kata 15, tano Ilala, tano Kinondoni na tano Temeke, zenye watu zaidi ya laki sita. Wataalamu walitoka Ifakara na katika vyuo vya ng'ambo, lakini kazi yenyewe ilifanywa na nani? Ilifanywa na vijana na kina mama wa mitaa hiyo hiyo. Kila mmoja alipewa eneo lake. Kila wiki alilipita eneo zima, mtaro kwa mtaro, dimbwi kwa dimbwi, shimo kwa shimo, akateka maji kwa bakuli lenye mpini na kutazama kama mna viluwiluwi. Wenzao wakatia dawa. Kuanzia Machi 2006 dawa hiyo ilitiwa katika kata tatu: Buguruni ya Ilala, Mikocheni ya Kinondoni, na Kurasini ya Temeke, ile Kurasini ambayo leo nyumba zake nyingi zimekwisha ipisha bandari. Mwaka 2007 kata zikawa tisa, na mwaka 2008 zote 15.

Na dawa hiyo ni nini? Si sumu ya kuogopesha. Ni bakteria waliotengenezwa mfano wa chenga za unga. Kiluwiluwi akizila, utumbo wake unaharibika, naye hufa kabla hajaota mabawa. Kuku wako akinywa maji hayo hafi, samaki hafi, mtoto hadhuriki. Ila dawa hii haikai siku nyingi majini, na kiluwiluwi huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi au siku kumi katika joto letu. Kwa hiyo sharti itiwe tena wiki kwa wiki. Msomaji ashike neno hilo, wiki kwa wiki, maana hapo ndipo penye kesi yetu yote.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika mwaka wa kwanza wa kutia dawa, hatari ya mtu kukutwa na vijidudu vya malaria katika kata zile tatu ilishuka kwa kadiri ya asilimia 72. Mwaka 2013 hesabu ilirudiwa kwa kata zote 15, na punguzo likaonekana kuwa karibu asilimia 21. Tunazitaja hesabu zote mbili, kubwa na ndogo, kwa sababu gazeti la wananchi halina ruhusa ya kuchagua ile inayolipendeza. Kila mmoja na achukue ile ndogo. Mtu mmoja katika kila watano waliokuwa waugue, haugui. Nani atathubutu kusimama Tandika mbele ya wazazi na kuwaambia kwamba hilo si kitu? Na gharama, kwa hesabu ya wakati ule, haikufika dola moja ya Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Vidonge vya homa moja na nauli ya kumpeleka mtoto hospitali usiku vinazidi hapo.

Watafiti wale wale waligundua jambo jingine ambalo lingepaswa kusomwa kwa sauti katika kila ofisi ya kata. Mbu wa malaria wa Dar es Salaam huuma sana nje ya nyumba. Waama, kila mkazi wa Keko alilijua hilo kabla ya daktari yeyote. Lakini sasa limepimwa na limeandikwa. Basi yule bwana anayekuja na gari kutuhutubia kwamba tulale ndani ya chandarua na kazi imekwisha, hatupingi chandarua chake. Chandarua ni kitu chema na kimeokoa watoto wengi wa nchi hii. Ila tunamwuliza: saa mbili usiku, mama anapokaanga samaki nje kwenye meko yake, chandarua atakitundika wapi? Na mbu wa kidingapopo, ile homa ya dengue iliyoupiga mji huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana. Je, tulale mchana?

Sasa uchafu. Tunakubali, na tuseme kweli kati yetu, kwamba wako wenzetu wanaofagia taka za nyumba na kuzimwaga mtaroni mvua inapoanza, wakitumaini maji yatazipeleka kwa jirani wa bondeni. Wako wanaofungulia vyoo vyao usiku wa mvua, jambo tuliloliita kwa jina la adabu, kutapisha. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni mwezi wa Agosti, kikaenea nchi nzima, na wapo waliokufa. Anayetapisha choo katika mvua ni adui wa majirani zake, hata kama ni mwanachama mwenzetu na tunasali pamoja. Hilo tumelisema.

Lakini nani aliuchimba mtaro na kuuacha bila mtu wa kuuzibua? Nani hukusanya ada ya taka huku gari la taka likiwa halionekani mwezi mzima? Mitaro mipya imejengwa Temeke na kwingineko kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya karibuni, nasi tumeifurahia. Mtaro wa saruji ulioziba, hata hivyo, ni bwawa la kufugia mbu, tena bwawa la gharama kubwa. Hananasif, katika miaka ya 1990, wakazi wenyewe walishika sururu na koleo wakajenga mitaro ya mtaa wao kwa kushirikiana na wataalamu. Wale nao ni watu wa Uswahilini. Hawakuwa wavivu.

Na sasa tufike penye ukuta. Wale vijana wa mpango walikaguliwa ili kujua kama wanayaona madimbwi yote, na ikaonekana kwamba sehemu isiyo ndogo iliwapita. Kizuizi kimojawapo kilichoandikwa na wakaguzi ni viwanja vilivyozungushiwa ukuta. Kijana amevaa viatu vyake vya mpira, ana bakuli lake na karatasi zake, anabisha hodi getini. Mlinzi anamwambia bwana hayupo. Wiki ijayo, bwana hayupo. Na ndani ya ukuta mna shimo la ujenzi lililojaa maji, mna tangi bovu, mna bustani yenye vidimbwi. Mbu hana habari na geti. Ataruka ukuta aje kumwuma mtoto wa mlinzi, na pengine mtoto wa bwana mwenyewe. Hebu basi tusisikie tena kwamba uchafu unakaa Manzese peke yake.

Tunajua mtasema: hayo ni ya zamani, malaria imepungua. Ni kweli, na twashukuru. Katika upimaji wa watoto nchini, waliokutwa na vijidudu walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008, na mwaka 2022 wakawa kama asilimia 8, na Dar es Salaam iko chini ya hapo. Lakini jemadari gani anayewarudisha askari nyumbani adui anapokimbia? Isitoshe, yuko adui mpya njiani. Mbu wa malaria kutoka Asia, anayezaliana katika matangi na madumu ya maji mjini, alionekana Jibuti mwaka 2012, na kufikia mwaka 2023 alikwisha tangazwa Kenya. Kutoka Mombasa hadi Mbagala ni safari ya basi ya siku moja. Mji unaotunza maji katika madumu kwa sababu bomba linatoka kwa zamu umemwandalia mgeni huyo kitanda.

Na dawa iko wapi? Hapa ndipo mtu anaposhindwa kujua acheke au alie. Dawa iko Kibaha! Kiwanda cha viuadudu kilichojengwa kwa msaada wa ufundi wa ndugu zetu wa Kyuba, mali ya Shirika letu la Maendeleo la Taifa, kilifunguliwa mwaka 2015, mwendo mfupi wa barabara kutoka Ubungo. Mwezi Juni 2017 Rais Magufuli alikwenda pale, akakuta dawa ipo na wanunuzi wa humu nchini hawaonekani, akaziagiza halmashauri zote zikanunue. Fikirini wenyewe. Nchi imejenga kiwanda, kiwanda kimetoa dawa, mitaa ina viluwiluwi, utafiti umekwisha onyesha njia, na bado ilibidi Rais aende mwenyewe kuwakumbusha wenye fedha za wananchi kununua dawa ya wananchi. Na kununua madebe kadhaa kwa ajili ya sherehe, yapigwe picha na diwani mwenye glavu mpya, siko kutekeleza agizo. Tumekwisha sema: wiki kwa wiki.

Chanzo cha maradhi haya tunakijua. Mradi wa Wajapani ulipambana na mbu wa Dar es Salaam na Tanga tangu mwaka 1988 hadi 1996. Ulipokwisha mradi, kazi ikafifia na mitaro ikarudi kuziba. Mpango wa mwaka 2004 nao ulitegemea sana fedha za wafadhili. Hatuwalaumu wageni walioleta fedha na maarifa, na watafiti wetu hatuwalaumu, maana wengi ni watoto wa nchi hii na wamefanya kazi ya heshima. Tunalaumu desturi ya kufanya afya ya mji kuwa mgeni, akija anapikiwa, akiondoka sufuria linainamishwa. Mshahara wa karani wa manispaa haungojei mfadhili. Mafuta ya gari la mkurugenzi hayangojei mfadhili. Kwa nini dawa ya mbu ingojee?

Manispaa ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 katika sensa ya mwaka 2022. Hata kwa dola moja kamili kwa kila mtu, hesabu hiyo haizidi nguvu ya mji unaokusanya ushuru wa masoko na leseni. Iwekwe katika bajeti ya halmashauri kama fungu la kudumu, lenye jina lake, lisilohamishwa katikati ya mwaka. Wanaofanya kazi hiyo wawe wakazi wa mtaa wanaoujua kila uchochoro, si shemeji wa kiongozi, na walipwe ujira wa mwezi badala ya posho inayochelewa. Mwenye ukuta afungue geti kwa sheria, bwana akiwapo na asipokuwapo. Na matokeo ya kila upimaji yarudishwe kwa Kiswahili kwa wale waliotoa vidole vyao vikachomwa. Damu imetoka Buguruni, na habari zake zimekwenda kuchapwa kwa Kiingereza katika majarida ya ng'ambo. Mama aliyemshika mtoto wake asilie wakati wa kuchomwa hajaambiwa mpaka leo kwamba mtaa wake uliufundisha ulimwengu jambo.

Mkutano mkuu wa mtaa ujao, ndugu, msikubali kuanza na salamu ndefu. Mwulizeni mwenyekiti: mtaro wetu ulitiwa dawa lini mara ya mwisho, ilinunuliwa kwa fungu gani, na nani alilipwa kuifanya kazi hiyo? Jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano, tarehe ikiwamo, na aliyelitoa atie sahihi.