Bondeni Haina Tramu

Ukisomea kompyuta na mradi wako wa mwisho ukawa wa mitandao, kuna siku utakutana na ONE. Hii ni programu ya bure iliyoundwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, na makala ya kuieleza yakatoka 2009. Inaigiza watu wanaozunguka mjini na simu zao, ili uone kama ujumbe unaweza kufika bila mlingoti wa kampuni yoyote, kwa kudandia tu simu hadi simu wenyewe wanapopishana.

Sasa fungua mipangilio inayokuja nayo. Ramani ni ya Helsinki. Kuna vifaa 126: watembea kwa miguu 80, magari 40 na tramu 6. Mtembea akisimama mahali ni dakika mbili, zikizidi sana, kisha huyo ameenda.

Haya niambie, mara ya mwisho ulipanda tramu kutoka Bondeni kwenda Kaptembwo ilikuwa lini?

Nacheka, lakini kuna shida hapa. Ukiacha mipangilio hiyo ilivyo halafu uandike kwamba itifaki fulani ni bora, umethibitisha ni bora Helsinki. Mwanabodaboda wa hapa anaweza kukaa stejini nusu saa akingoja mteja, yeye na wenzake kumi, kila mmoja na simu mfukoni. Akipata mteja anapotea, na baadaye anarudi steji ile ile. Epidemic, itifaki inayonakili ujumbe kwa kila simu inayokutana nayo, itajaza simu za steji nzima na kunyonya chaji. Spray and Wait hugawa nakala chache tu. PRoPHET hukumbuka nani hukutana na nani mara kwa mara, na mimi dau langu liko hapo kwa sababu maisha ya mtaa hujirudia. Lakini hilo ni dau tu. Lipimwe.

Kinachoniuma ni kwamba Kenya imewahi kufanyiwa kazi hii vizuri, ila kwa wanyama. Watafiti wa Princeton, katika mradi wa ZebraNet, waliwavisha pundamilia wa Laikipia kola za kupitishiana data Januari 2004. Kabla ya hapo walikuwa wameigiza kwenye kompyuta jinsi pundamilia anavyokula, anavyotembea na anavyokimbia, kwa kufuata waliyoyaona wanabiolojia porini. Pundamilia alipimwa mwendo wake mwenyewe. Wewe wa Bondeni unakopeshwa wa tramu.

Na si mambo ya darasani tu. Usiku wa Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Juni 25, 2024, siku ya maandamano, intaneti ilivurugika. Siku kama hizo ndizo mitandao ya kudandia iliundiwa, na ukichagua itifaki kwa ramani ya wenyewe, ujumbe wako kwa mathako utakwama Flamingo.

Kuchora si kazi ngumu. Vijana wa Kibera walianza kuweka mtaa wao kwenye OpenStreetMap mwaka 2009, wakati ramani hiyo ilikuwa tupu pale. Chukua barabara za Bondeni, tia alama steji, soko na vibanda vya M-Pesa, kisha keti stejini siku kadhaa uhesabu dakika. Omba ruhusa kwanza, na usiandike jina la mtu wala namba ya pikipiki. Hatutaki utafiti ugeuke upelelezi.

Kuna wanaosema ramani ya Helsinki inasaidia kwa sababu kila mtu anaitumia, hivyo matokeo yanalinganishwa. Ni kweli. Basi endesha zote mbili, uweke majibu bega kwa bega kwenye ripoti, na mhadhiri akiuliza tramu zimeenda wapi, mpeleke stejini.