Tumbo Likituna Pasipo Mimba

Katika majumba mengi ya Handeni na Korogwe mwanamke alalamikapo tumbo huambiwa ana chango, akachemshiwa mizizi, akanyamaza. Lakini akiwa ni mwari asiyeolewa, na tumbo lake likatuna, maneno huwa mengine: hutazamwa kwa jicho baya, na baba huona heshima ya nyumba imevunjwa kabla hajauliza lolote. Kwa ajili ya msichana huyo twaandika safari hii.

Mwanamke ana ovari mbili, yaani vifuko vya mayai, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Kila mwezi yai hukomaa ndani ya kijifuko chenye maji, kisha kijifuko hupasuka nalo likatoka. Pengine hakipasuki, bali huzidi kujaa. Huo ndio uvimbe wa maji. Aghalabu hunywea wenyewe kwa miezi miwili au mitatu bila dawa. Basi aambiwaye na tabibu arudi kupimwa tena asidhani amefukuzwa.

Uko uvimbe usionywea. Mmoja hujaa damu kuukuu, huleta maumivu makali ya hedhi, na pengine huzuia uzazi. Mwingine ndio uletao hadithi nyingi, kwani ukipasuliwa hukutwa una mafuta, nywele, hata meno. Jamaa husema ni uchawi, au mimba ya jini. Sivyo. Chembe ya yai ina uwezo wa kufanya kila namna ya nyama ya mwili. Ikianza kukua ovyo, pasipo mbegu ya mume, hutoa ngozi na vilivyo vya ngozi. Msichana asiyemjua mwanamume huupata, wala si ushahidi wa zina.

Hata mabingwa wamepata kudanganyika. Huko Kentucky, Marekani, mwaka 1809, Jane Crawford alidhaniwa ana mimba iliyopita muda wake. Daktari Ephraim McDowell akatambua kuwa ni uvimbe. Bibi yule akasafiri maili 60 juu ya farasi hadi Danville, akapasuliwa bila dawa ya usingizi, ukatolewa uvimbe wa ratili zaidi ya 20. Akaishi miaka 32 baadaye! Wa kwetu hulazwa usingizi, wala hapandi farasi.

Ziko dalili zisizongoja kupambazuke: maumivu makali ya ghafula upande mmoja chini ya kitovu, pamoja na kutapika au kuzimia. Huenda uvimbe umejisokota ukainyima ovari damu, au umepasuka ukavuja ndani. Saa chache huamua kama ovari itaokolewa. Naye abakiwaye na ovari moja bado aweza kuzaa; waume na walijue hili kabla ya kutamka talaka. Aliyekwisha koma hedhi, akionekana na uvimbe, achunguzwe upesi, kwani hofu ya saratani ni kubwa zaidi kwake.

Korogwe iko Hospitali ya Magunga, Handeni iko ya wilaya, na kwa mazito iko Bombo, Tanga. Kipimo ni picha ya altrasaundi, nacho hakiumi. Mwari hupimwa juu ya ngozi ya tumbo tu, akiwa amekunywa maji mengi. Ubikira wake hauguswi. Amtakaye tabibu wa kike na aombe. Wanawake wa zama za Mtume (s.a.w.) walimwendea kumwuliza habari za damu yao, naye akawajibu. Mama afuatanaye na binti achukue tarehe za hedhi zake zimeandikwa, na upande unaouma, kwani hayo ndiyo atakayoulizwa kwanza.