Tumbo la mtoto limejaa gesi, je, apigwe eksirei?

Mama mwenye mtoto wa wiki 6 anaujua vizuri usiku wa namna hii. Giza likiingia tu, kilio kinaanza. Tumbo gumu kama ngoma, miguu inakunjwa, ziwa linakataliwa. Bibi anasema ni chango, jirani anasema ni gesi, na duka la dawa lina chupa ya matone tayari. Asubuhi mama anafika hospitali na ombi moja: "Daktari, naomba apigwe picha ya tumbo, tuione hiyo gesi."

Ombi hilo lina mantiki, kwa sababu gesi huonekana kweli kwenye eksirei. Mionzi hupita kwenye hewa bila kizuizi, hivyo gesi hutokea nyeusi, mifupa hutokea myeupe, na nyama na maji hubaki kijivu. Shida ni kwamba weusi huo upo hata kwa mtoto mwenye afya njema, tena mwingi. Mtoto huanza kumeza hewa mara tu anapozaliwa, na kwa kawaida ndani ya saa 24 hewa hiyo imeshafika mwisho wa utumbo mpana. Baada ya hapo kila kilio na kila nyonyo huongeza nyingine. Kwa hiyo picha iliyopigwa baada ya mtoto kulia saa 3 itaonyesha gesi tele, lakini haitasema kama gesi ndiyo iliyoleta kilio au kilio ndicho kilicholeta gesi. Mara nyingi ni hilo la pili.

Kilio cha jioni cha watoto wachanga hufikia kilele karibu na wiki ya 6, na kwa wengi huisha kufikia miezi 3 au 4. Daktari hukitambua kwa kumsikiliza mama, kulibonyeza tumbo na kumpima mtoto uzito. Kama ananyonya, anaongezeka uzito na anapata choo, picha haitaongeza chochote. Atashauriwa kumcheulisha baada ya kunyonya na kumbeba wima, na mama apate mtu wa kumpokea mtoto naye alale kidogo. Ushauri huo wa mwisho hudharauliwa sana, na haupaswi.

Basi eksirei ya tumbo ni ya nini? Daktari hatafuti gesi tu. Anatafuta iko wapi, na wapi haipo.

Mtoto aliyezaliwa leo akitapika kila anachonyonya, picha inaweza kuonyesha mapovu mawili makubwa ya hewa upande wa juu, na chini yake hakuna kitu. Povu moja ni mfuko wa chakula, la pili ni mwanzo wa utumbo mwembamba, na hapo njia imeziba tangu akiwa tumboni mwa mama. Huyo ni wa kufanyiwa upasuaji. Kwa mtoto njiti anayeumwa, gesi ikionekana ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe, ni dalili kwamba utumbo umeshambuliwa vibaya. Kwa mtoto mkubwa, utumbo uliotanuka upande wa juu huku hewa ikikosekana sehemu za chini humfanya daktari afikirie kuziba. Na hewa ikionekana nje ya utumbo, chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, maana yake karibu kila mara ni kwamba utumbo umetoboka, isipokuwa kama mtoto ametoka kupasuliwa tumbo siku za karibuni.

Lakini picha inaweza pia kutuliza watu bure. Utumbo ukijisokota, au sehemu moja ikiingia ndani ya nyingine, jambo linalowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 2, eksirei inaweza kutoka kama ya kawaida kabisa. Kwa utumbo ulioingiana, kipimo kinachoaminika zaidi ni ultrasaundi. Ndiyo maana dalili za mtoto zina uzito kuliko filamu. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga si ya kusubiri asubuhi: utumbo uliojisokota hukosa damu na unaweza kufa ndani ya saa chache. Vivyo hivyo kilio kikali kinachokuja na kukata huku mtoto akilegea katikati, choo chenye damu na makamasi, tumbo lililovimba bila choo wala hewa kutoka, au mtoto aliyemaliza saa 48 tangu kuzaliwa bila kupata kile choo cheusi cha kwanza. Homa kwa mtoto wa chini ya miezi 3 nayo ni ya hospitali, hata kama tumbo ni laini.

Kwa choo kigumu, ombi la picha ni la kawaida, na jibu linalofaa mara nyingi ni hapana. Mwongozo wa mwaka 2014 wa vyama vya wataalamu wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini unaeleza wazi kwamba eksirei isitumike kama kawaida kutambua tatizo hilo. Mazungumzo kuhusu choo, maji na chakula hutosha kwa walio wengi.

Mionzi ya picha moja ni kidogo, ingawa ile ya tumbo huzidi ya kifua mara nyingi, na mwili wa mtoto huathirika na mionzi kwa urahisi kuliko wa mtu mzima. Daktari akishaona sababu, picha ipigwe bila hofu. Mzazi anaweza kuuliza swali moja kabla: "Daktari, matokeo yatabadilisha nini kwenye matibabu?" Mama mjamzito amweleze mpiga picha kabla ya kuingia kumshika mtoto, ili ashikwe na mtu mwingine. Na filamu au CD iondoke na mzazi, kwa sababu hospitali ya rufaa itaitaka, na isipoiona huenda mtoto akapigwa nyingine.