Geti la umeme likigoma, mota iwe mtuhumiwa wa mwisho

Geti la umeme likigoma, hukumu hutoka papo hapo: mota imeungua. Mwenye nyumba hununua nyingine, na haupiti muda nayo huanza kuunguruma bila kulisogeza geti. Kosa ni kudhani kwamba mota ndiyo inayobeba uzito. Geti la kuteleza hubebwa na magurudumu juu ya reli, na mlango wa gereji unaopanda juu hubebwa na springi zake. Kazi ya mota ni kusukuma mzigo ambao tayari una mbebaji. Mbebaji akichoka, mota hulemewa hadi iungue kweli, na mota mpya hurithi mzigo uleule.

Kwa hiyo geti la kuteleza lipimwe kwanza kwa mkono. Zima umeme, fungua kufuli la dharura kwa ufunguo wake, kisha sukuma geti. Likienda kwa taabu au likikwama mahali pamoja, tafuta mchanga kwenye reli, beringi iliyokufa au nguzo iliyoinama. Likiteleza vizuri, fuata umeme kuanzia kitu cha bei nafuu: betri ya rimoti, fyuzi, kisha betri ya akiba. Geti linalofunguka lakini likakataa kujifunga, mara nyingi sensa zake zimezibwa na vumbi, utando wa buibui au tawi la ua. Hata bodi ya saketi ikiharibika, mhalifu anaweza kuwa sisimizi waliohamia ndani ya kasha, au mjusi kafiri aliyefia juu ya saketi.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya fundi. Kwa springi na ndani ya kasha, wana haki kabisa: springi iliyokazwa ikifyatuka huvunja mkono. Lakini kusukuma geti na kupangusa sensa hakuhitaji ufundi, na anayemwita fundi akiwa amekwisha kupima hauziwi mota kwa tatizo la gurudumu. Wengine hutaka njia ya mkato, sensa irukwe kwa kuunganisha nyaya ili geti lijifunge tu. Hiyo ni hatari kuliko ubovu wenyewe. Marekani, baada ya watoto kubanwa na kufa chini ya milango ya gereji, sheria ilidai kuanzia 1993 mashine za milango hiyo ziwe na kinga ya ziada, kama jicho la sensa, dhidi ya kumbana mtu. California nayo, baada ya mioto ya 2017 kukata umeme na kuwaacha watu wakihangaika kufungua gereji zao, iliagiza kwamba kuanzia Julai 2019 mashine mpya ziuzwe na betri ya akiba.

Huku kwetu umeme hukatika hata pasipo moto. Basi fundi anayefunga geti jipya asilipwe salio lake kabla hajakabidhi ufunguo wa dharura na kumwonyesha kila mkaaji wa nyumba, mlinzi akiwamo, namna ya kulifungua kwa mkono.